Re: Mama anakuja Kyoto, Fushimi Inari ataiweza?

> Habari zenu. Mama anakuja mwezi ujao kutoka Tanga. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, lakini anataka sana kuyaona yale malango mekundu ya Fushimi Inari, hekalu la dini ya Shinto huku Japani. Je, ataweza kupanda? Tena ni mtu wa swala tano, anaogopa asije akaonekana ameenda kuabudu.

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Ataweza, usimkatishe tamaa.

Hapo Kyoto pandeni treni ya JR ya kwenda Nara, ile inayosimama kila kituo, mshuke kituo cha Inari; ya haraka haisimami hapo. Ni kituo cha pili, na mkitoka tu lango kubwa liko mbele yenu. Kiingilio hakuna, wala hapafungwi usiku, kwa hiyo fikeni kabla ya saa moja asubuhi. Ikigonga saa nne ni kusukumana, na mwenye magoti hapati pa kusimama.

Kileleni msiende. Mlima una mita 233, kuzunguka wote ni saa mbili hadi tatu, ngazi tupu. Mama alione kwanza lango la ghorofa la mwaka 1589: Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo, aliweka nadhiri mama yake alipougua, naye alipopona likajengwa. Kisha mshike mkono kwenye vingazi vya nyuma, hadi njia ya malango yaliyobanana. Wakati wa kurudi ndipo mtaona maandishi meusi nguzoni: jina la mtoaji na tarehe. Wengi ni wafanyabiashara, maana Inari, mungu wa hapo, huombwa mavuno ya mpunga na biashara. Mama mkwe wangu ana duka la kanga Mombasa. Nilipompeleka nikamweleza hayo, alisimama kila nguzo akipapasa herufi: "Na huyu, anauza nini?"

Kuhusu ibada, hakuna anayeuliza dini. Kunawa kwa kata, kutupa sarafu, kuinama mara mbili na kupiga makofi mawili ni kwa anayesali. Asiyesali akae pembeni, asiwazibie wenzake njia. Mama mkwe alikaa benchi akivuta tasbihi yake, hakuna aliyemkodolea macho. Hukumu ya dini yenyewe amuulize sheikh wake kabla hajasafiri, aje moyo umetulia.

> Nyongeza: mnaotokea Osaka pandeni treni ya Keihan, mshuke kituo cha Fushimi-Inari. Hamna haja ya kupitia kituo kikuu cha Kyoto na mizigo ya mama. Na vyoo viko chini, aende kabla hamjaingia kwenye malango.