Naomba ushauri: dodoso la wanafunzi wa uuguzi na wahadhiri wao

Wakuu, habari za kazi. Nalinganisha maoni ya wanafunzi wa shahada ya uuguzi na ya wahadhiri wao kuhusu usimamizi wa mafunzo ya wodini. Wanafunzi ni 240. Kwa fomula ya Yamane (ya kukadiria ukubwa wa sampuli), kosa linaloruhusiwa 0.05, sampuli ni 150. Wahadhiri ni 18 tu, nimewachukua wote.

Kwenye majaribio, dodoso liligawiwa na mhadhiri darasani. Karibu wote wakatia vema "nakubali kabisa", hata kwenye sentensi mbili zinazopingana! Naamini ni hofu ya alama. Nimeondoa namba za usajili na kuweka sanduku lenye kufuli, bado wanasita.

Je, nani aligawe, na lini: kabla ya alama za wodini kutoka au baada? Na kwa wahadhiri 18, jaribio la Mann-Whitney (la kitakwimu, la kulinganisha makundi mawili) linatosha, au niwahoji ana kwa ana?