MJADALA: Ni haki mkusanya kodi wa kaunti kudai deni la sola?

Wakuu, Marekani kuna mpango unaitwa PACE. Unafungiwa sola, au madirisha ya kuhimili kimbunga, bila kutoa senti mfukoni. Deni unalilipa pamoja na kodi ya nyumba, pengine kwa miaka 20 au zaidi. Linakaa kwenye nyumba, si kwa mtu, kwa hiyo ukiuza linaweza kumwangukia mnunuzi.

Berkeley, California, walianza 2008. Mwaka uliofuata kaunti ya Sonoma ikaanzisha wake: Rod Dole, mhazini ambaye pia ndiye mkusanya kodi, akakopesha wenye nyumba kutoka hazina ya kaunti. Hapo sina ugomvi. Aliyekopesha ndiye anayedai, na ukionewa unajua mlango wa kugonga.

Ugomvi wangu ni kule walikoachia makampuni binafsi. Wakala anapita nyumba kwa nyumba, bibi wa watu anasaini kwenye tableti, kisha mkusanya kodi anaongeza mstari tu kwenye bili. Florida bili hutoka Novemba, na deni hilo unalikuta jirani na ada ya taka. Ikifika Aprili hujalipa, umechelewa. Kufikia Juni deni lako linauzwa kwa wawekezaji kwa cheti, na baada ya kama miaka miwili mwenye cheti anaweza kuomba nyumba ipigwe mnada. Benki iliyokukopesha hela ya nyumba inalipwa baadaye. Ndiyo maana mwaka 2010 Fannie Mae na Freddie Mac, makampuni yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, walikataa mikopo ya nyumba zenye deni hili. Kaunti ya Los Angeles ilifunga mpango wake wa majumbani 2020.

Msimamo wangu: ofisa wa kodi asidai deni ambalo hajui lilikopeshwaje. Karibuni.

Mkwezi wa Pwani: Mkuu, unampa mkusanya kodi kazi ya benki. Sheria ikishapita, yeye nani akatae? Halafu huyo bibi yako, benki gani ingemkopesha? Bila bili ya kodi angebaki na madirisha yake mabovu akisubiri kimbunga.

Mleta mada: California wenyewe walianza kulazimisha ukaguzi wa kipato 2018, miaka kumi baada ya Berkeley. Muda wote huo bili zilikuwa zinatoka, na aliyezitoa ni nani?

Shangazi Mbezi: Mnaenda mbali. Hapa Bongo tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi. Anayenunua umeme ni mpangaji! Kamwambie baba mwenye nyumba akurudishie uone atakavyokutazama. Haya, pakieni na deni la sola humo humo.