Diski C inajaa tena kila ninapoisafisha: nafasi inakwenda wapi?

Mwanagenzi

Habari zenu wanajamvi. Ninaomba ushauri kuhusu kompyuta ya nyumbani ambayo diski yake inajaa kwa namna nisiyoielewa. Ni kompyuta mpakato inayotumia Windows 11, yenye RAM ya GB 16 na diski moja tu ya SSD ya GB 256, ingawa yenyewe huonyesha kuwa ni GB 238. Familia nzima tunaitumia, kila mmoja kwa akaunti yake. Sasa mstari wa diski C umegeuka mwekundu, zimebaki GB 4, na masasisho ya Windows yanakataa kuingia kwa kukosa nafasi.

Nimekwisha kuondoa michezo ya watoto, nimefuta video za zamani, nimelimwaga pipa la takataka, na folda ya picha nimeibana kuwa faili la zip. Nafasi iliongezeka kidogo, kisha ikapotea tena bila mtu kuweka kitu kipya. Nikijumlisha ukubwa wa folda zote ninazoziona, napata kama GB 118 tu. Hizo nyingine zimekaliwa na nini, na nifute kipi bila kuuharibu mfumo?

Mpenda Kasi

Nunua diski ya TB 1, uhamishie kila kitu humo, yaishe. Diski ya GB 256 kwa familia nzima ni ndogo, hata ukiisafisha kila mwezi.

Fundi wa Zamu

Huenda diski kubwa ikahitajika baadaye, lakini kitu kinachojijaza chenyewe kitaijaza na hiyo mpya. Ndugu Mwanagenzi, kabla hujafuta kingine chochote, pima kwanza.

Tofauti ya GB 256 na GB 238 isikusumbue. Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huzigawanya baiti hizo kwa 1,024 mara tatu mfululizo, kwa hiyo hapo hakuna kilichopotea. Kinachokupotosha ni kujumlisha unavyoviona, kwa sababu akaunti yako haichungulii folda za wenzako, na Windows nayo huyaficha baadhi ya mafaili yake makubwa kabisa.

Pakua WizTree, programu ya kuonyesha ni mafaili gani yanayokula nafasi ya diski, kutoka kwenye tovuti yake yenyewe. Kwa matumizi ya nyumbani hutozwi kitu. Iendeshe kwa mamlaka ya msimamizi. Kwa kuwa inasoma moja kwa moja jedwali ambamo diski huorodhesha mafaili yake, haichukui muda mrefu, na itakupa orodha iliyopangwa kuanzia kikubwa pamoja na ramani ya vibao vya rangi ambamo kila kibao ni faili. Tuletee majina matano ya juu ambayo hukuyajua.

Bi. Faharasa

Naongezea kuhusu ile zip. Picha za JPEG na video za MP4 tayari zimebanwa tangu zinapotoka kwenye kamera, kwa hiyo kuzitia ndani ya zip hakupunguzi karibu chochote. Isitoshe, Windows inapotengeneza zip haiondoi folda ya asili, na kama nayo bado ipo, basi sasa una picha zilezile mara mbili. Hakikisha zip inafunguka, kisha ubaki na nakala moja tu.

Karani Huru

Mimi ningeweka mojawapo ya zile programu za kusafisha kompyuta kwa mbofyo mmoja, ili nisijisumbue na majina ya mafaili.

Fundi wa Zamu

Ndugu Karani, nyingi kati ya programu hizo hufuta yale yale ambayo Windows inaweza kuyafuta yenyewe kupitia sehemu ya hifadhi kwenye mipangilio, kisha baadhi huongeza usafishaji wa rejista (hazina ya mipangilio ya Windows na programu zake), ambao haurudishi nafasi ya maana na unaweza kuzivuruga programu nyingine. Kwa tatizo hili la mwenzetu sioni zingemsaidia nini.

Mwanagenzi

Ahsanteni sana. Folda ya asili ya picha ilikuwa bado ipo, na nimeifuta baada ya kuihakiki zip. Haya ndiyo niliyoyakuta kwenye WizTree: MobileSync, ndani ya akaunti ya binti yangu, GB 58, na ndani yake kuna folda mbili zenye majina marefu ya herufi na tarakimu zisizosomeka; $Recycle.Bin, GB 22, ingawa pipa langu ni tupu; Windows.old, GB 19; System Volume Information, GB 11; na hiberfil.sys, GB 6.4. Niguse lipi?

Fundi wa Zamu

Hapo sasa tunazungumza. Nitaanza na kubwa, nalo ndilo linalostahili maelezo marefu zaidi.

MobileSync ni mahali ambapo nakala za akiba za iPhone na iPad hukaa simu inapounganishwa na kompyuta kupitia iTunes au programu ya Apple Devices. Kila folda yenye jina lisilosomeka ni kifaa kimoja, kwa hiyo folda mbili maana yake ni vifaa viwili, na mara nyingi kimojawapo ni simu ya zamani ambayo haitumiki tena. Nakala hiyo hukua kadiri picha za simu zinavyoongezeka, na ndiyo sababu diski inajaa bila mtu kuweka kitu kwa mkono. Usiifute kutoka kwenye kidirisha cha folda, kwa sababu kwa jina pekee hutajua ipi ni ya kifaa kipi. Binti yako aingie kwa akaunti yake, afungue programu hiyo, aende kwenye orodha ya nakala za akiba ambako kila moja imeandikwa jina la kifaa na tarehe, kisha aondoe isiyohitajika.

Pipa la takataka nalo ni la kila akaunti peke yake. Ulimwaga lako, ya wenzako yamo humo humo ndani ya $Recycle.Bin. Kila mtu aingie amwage lake, lakini akague kwanza, maana wapo watu wanaolitumia pipa kama kabati.

Windows.old ni mfumo uliotangulia, uliowekwa akiba baada ya toleo jipya kusimikwa. Kwa kawaida hufutwa wenyewe baada ya siku 10. Ukiridhika na toleo la sasa, ifute kupitia mipangilio ya hifadhi, kwenye mafaili ya muda, ukijua kwamba hutaweza tena kurudi kwenye toleo la awali. Usihangaike kuiburuta kwa mkono, kwani ruhusa za mafaili yake zitakugomea.

System Volume Information hubeba vituo vya kurejesha mfumo, yaani kumbukumbu za hali ya awali ya Windows za kuirudia mambo yakiharibika. Usiiguse folda yenyewe. Nenda kwenye ulinzi wa mfumo upunguze kiwango cha juu cha nafasi, na vya zamani vitaondoka.

Mwisho, hiberfil.sys ni faili ambamo yaliyomo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) humwagwa kompyuta inapolala usingizi mzito (hibernate), na GB 6.4 ni asilimia 40 kamili ya RAM yako. Amri ya powercfg /h off hulifuta, lakini pia huzima uwashaji wa haraka. Ukitaka njia ya kati, powercfg /h /type reduced hulishusha hadi asilimia 20 na kuuacha uwashaji wa haraka ukifanya kazi.

Bi. Faharasa

Tahadhari moja, maana hili huwaliza wengi: kama kuna folda inayolandanishwa na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, kufuta faili humo ili upate nafasi ni kulifuta pia mtandaoni na kwenye vifaa vyote vingine. Bofya kitufe cha kulia juu ya faili na uchague kuachia nafasi. Jina litabaki na alama ya wingu, na faili litapakuliwa utakapolifungua.

Mwanagenzi

Nimefuata maelekezo, na sasa zipo wazi GB 71. Masasisho yameingia. Nakala moja ilikuwa ya simu ya zamani ya binti yangu iliyovunjika kioo, GB 37, na hiyo bado sijaiondoa kwa sababu hana hakika kama picha zake zote zilihamia kwenye simu mpya.

Fundi wa Zamu

Umefanya vyema kusubiri. Nakili folda hiyo nzima kwenye diski ya nje, mwache alinganishe picha za simu mpya na anazozikumbuka, na kama nakala ya akiba ilifungwa kwa nywila, aiandike mahali sasa hivi, kwa sababu bila nywila hiyo nakala haitarejesheka.