Mara Jade wa Zahn na huyu wa Anderson ni mtu mmoja kweli?

Wakuu, habari za humu.

Nimemaliza zile riwaya tatu za Star Wars za Timothy Zahn, kuanzia Heir to the Empire (1991) hadi The Last Command (1993), na Mara Jade kanikaa moyoni kuliko hata Luke, shujaa mwenyewe. Muuaji wa siri wa Kaizari, bwana wake kafa, sasa yuko kwa wafanya magendo wa Talon Karrde, na kichwani sauti ya marehemu haimwachi: muue Luke Skywalker. Halafu ile amri anavyokuja kuitimiza kwa kumuua pacha wa Luke aliyezalishwa maabara! Nilifunga kitabu nikacheka peke yangu.

Sasa niko kwenye vitabu vya Kevin J. Anderson vya chuo cha Jedi (wapiganaji wenye uwezo wa ajabu kama Luke), vya 1994. Huyu ni nani jamani? Anatua Yavin 4, kilipo chuo, kujifunza, mwanafunzi mmoja, Kyp Durron, anamwibia chombo chake cha anga, yeye aliyeitwa Mkono wa Kaizari! Kisha Lando, rafiki wa Luke, anamfuatafuata na yeye anamjibu mkato mkato. Ukali upo, akili sijaiona. Niendelee au niache?

Jibu 1
Mkuu, ruka. Zahn mwenyewe alirudi na Specter of the Past (1997) na Vision of the Future (1998) akafagia nyumba. Mambo ya Lando anayaeleza kuwa ilikuwa kazi ya Karrde, mapenzi hayakuwepo. Na Luke naye anasemwa na Mara usoni kwa miaka aliyotumia Nguvu, ule uwezo wa ajabu wa Jedi, ovyo. Unaona kabisa mwandishi anajibizana na wenzake kupitia mdomo wa mhusika wake.

Jibu 2
Mimi sikubali kuruka. Anderson alikuwa na chuo kizima cha kuendesha, Mara kwake ni mgeni wa kupita tu. Kosa kubwa liko mbele. (Kama hujafika 2007, ishia hapa.) Kwenye Sacrifice ya Karen Traviss, Mara anamfuata Jacen Solo peke yake na kuuawa kwa sumu. Mpwa wa Luke, ambaye sasa ni mumewe! Traviss anajua kuandika hasira ya mama, hilo nampa. Lakini Mara ninayemjua mimi asingeingia mtegoni bila njia ya kutokea. Na mwaka huohuo Zahn katoa Allegiance, Mara bado binti, anawinda maofisa wala rushwa wa Dola. Dukani wamesimama Mara wawili, mmoja anaanza kazi, mwingine anazikwa.

Jibu 3
Tangu Aprili 2014 Lucasfilm, wenye Star Wars, waliviweka vyote hivyo kwenye kapu la Legends, yaani hadithi zisizohesabiwa rasmi. Hakuna Mara rasmi wa kugombania. Kila mtu achague wake.

Muuliza swali
Jibu 3, wewe humpendi huyu mama, sema ukweli. Jibu 2, nimesoma mabano nimechelewa, Mungu anakuona.

Basi Anderson naweka kando. Swali la mwisho: Vision of the Future naweza kuanza nayo? Specter sijaipata.

Jibu 1
Huwezi. Ni hadithi moja iliyokatwa vipande viwili. Tafuta Specter kwanza.