Nani aliwaambia filta ya kanista inaoshwa kama sufuria?

Wakuu, salamu leo mtanisamehe. Asubuhi hii nimeopoa neon tetra wa 11, wale samaki wadogo wa tangini kwangu, na wote 11 wamekufa ndani ya siku 9. Walikuwa 16. Hawakupigana, wala hakuna samaki mgeni aliyewaletea ugonjwa. Nimewaua mwenyewe kwa usafi, tena usafi wa kufundishwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Filta yangu ya kanista (kopo lililofungwa linalokaa nje ya tangi, likivuta maji, kuyachuja na kuyarudisha) ilianza kuchoka. Maji yaliyokuwa yakirudi tangini kwa nguvu mpaka mimea inalala, yakawa yanatiririka kama mkojo wa mzee. Nikamuuliza aliyeniuzia. Jibu lake ninalo kichwani mpaka leo: "Fungua, osha kila kitu kwenye bomba mpaka maji yatoke meupe. Sponji tupa, weka mpya." Kijitabu cha maelekezo nacho kimechora bomba na matone ya maji, na kinataka sponji zote zibadilishwe kila baada ya miezi 2. Basi nikajua nimepata elimu.

Jumamosi nzima nikawa bafuni. Vipete vya kauri nikavimwaga kwenye beseni, nikavisugua kimoja kimoja kwa mswaki wa zamani mpaka vikarudia weupe wa dukani. Lile tope la kahawia lenye utelezi nikalitazama linavyozama kwenye tundu la maji machafu, najisifu. Sponji 3, zote mpya. Jioni maji yanang'aa, ukiweka gazeti nyuma ya tangi unalisoma.

Siku ya pili samaki wote wako juu, wanahema midomo wazi. Nikadhani hewa imepungua, nikaongeza pampu ya hewa. Siku ya tatu matamvua yamewaiva, mekundu kama yamechomwa. Ndipo nikakumbuka vichupa vya kupimia. Kipimo cha amonia, ambacho siku zote hubaki njano, kikageuka kijani.

Jamani, lile tope ndilo lilikuwa filta yenyewe! Sponji na kauri ni nyumba tu, wapangaji ni bakteria. Samaki anatoa amonia mchana na usiku, na mabaki ya chakula yanaongezea. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wenzao wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mradi unabadilisha maji mara kwa mara. Sasa maji ya bomba yametiwa klorini makusudi ili kuua bakteria. Mtu anakutuma ukawaoge humo, na wale waliojificha kwenye sponji uwatupe jalalani siku hiyohiyo! Kuanza upya ni wiki 4 hadi 6, na samaki hawana pa kusubiria.

Kijitabu kina lugha 9 na kurasa 4 za kunionya nisitumbukize plagi majini. Bakteria hawajatajwa hata mara moja. Ila picha ya sponji za akiba na namba zake za kuagizia ipo, kubwa, ya rangi. Mtu mwenye akili anaelewa.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba sponji hazikuwa na kosa lolote. Juzi ndiyo nimefungua kichwa cha pampu. Ndani, kando ya sumaku ya impela (kile kipanga kinachozunguka na kusukuma maji), amejibana konokono wa ukubwa wa punje ya mtama, na mzizi wa mmea umejisokota kwenye kile kijiti cha kauri (kitoeni taratibu, kinavunjika kama chaki). Nikapitisha brashi ndefu kwenye paipu, ikatoka na ute mweusi mrefu kama utumbo. Kuwasha tu, mimea ikalala. Dakika 10! Samaki 11 kwa ajili ya konokono.

Na huyohuyo muuzaji ndiye aliyenishauri nipake mafuta ya mgando kwenye mpira wa kifuniko. Mpira ukavimba, ukakataa kukaa kwenye mfereji wake, usiku nikaamka nakanyaga maji. Kumbe unatakiwa grisi ya silikoni. Mpira peke yake nao hauuzwi, mpaka ununue kifuniko kizima.

Najua mtaniuliza ilitakiwa nifanyeje. Unachota maji ya tangi kwenye ndoo, unakamua sponji humo mara 2 au 3, na ikibaki kahawia iache ibaki hivyo. Kauri unachovya tu. Ile pamba nyeupe laini ndiyo unaweza kutupa bila huruma. Sponji ikilika kabisa badilisha moja, zingine zisubiri wiki kadhaa. Umeme ukikatika saa nyingi, usikimbilie kuwasha: humo ndani oksijeni imeisha, bakteria wameanza kufa, na ukiwasha yale maji yanayonuka yanamwagwa moja kwa moja kwa samaki. Fungua kwanza, mwaga.

Kwa sasa nabadilisha nusu ya maji kila siku, yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini, na chakula nawapa kwa kubana. Jamaa yangu mwenye tangi la miaka mingi amenipa sponji yake moja, chafu, inanuka udongo. Nimeibeba kwenye mfuko wa maji ya tangi lake kama nimebeba yai.

Amonia imeshuka. Kipimo cha nitriti leo bado zambarau, yaani sumu bado ipo. Wamebaki 5, na mmoja anaogelea upande.

Muuzaji amenipigia mchana. Anauliza kama nimeshamaliza zile sponji, ana mzigo mpya.