MJADALA: Gavana ya turbaini ndogo, PID inatosha au twende H-infiniti?

Mleta mada, Njiro: Wakuu, mitambo midogo ya umeme wa maji huku mlimani, gavana yake (kifaa kinachofungua na kufunga maji ya turbaini ili kasi isibadilike) mara nyingi inaendeshwa na PID, kanuni inayosahihisha kosa la kasi kwa kulipima lilivyo sasa, lilivyolimbikizana na linavyobadilika. Wengi bado wanaseti kwa kanuni ya Ziegler na Nichols ya 1942, inayoridhika kila wimbi la mtikisiko likiwa robo ya lililotangulia. Mtu akiwasha mashine ya kukoboa, taa zinapepesa kijiji kizima! H-infiniti, mbinu ya kusanifu kidhibiti kwa hesabu tangu mtafiti Zames mwaka 1981, inauliza swali la maana: mtambo ukitofautiana na modeli yake ya hesabu kiasi hiki, bado utatulia? Kwa nini vijana wafundishwe kubahatisha?

Mchangiaji, Pasua Moshi: Mkuu, tulishaimbiwa hivyo. LQG, mbinu nyingine ya hesabu, nayo ilisifiwa kuwa bora kabisa, hadi mtafiti John Doyle alipoonyesha mwaka 1978 kwamba haina ukingo wowote wa usalama wa uhakika mtambo ukitofautiana na modeli. Halafu hiyo H-infiniti ikigoma saa nane usiku, fundi atagusa wapi? PID ina namba 3, kila moja anajua kazi yake.

Mchangiaji, Sakina: Mnagombania mbinu, maji hamyatazami. Fungua mlango wa turbaini ghafla: maji ya bombani hayajashika kasi, presha inashuka, nguvu inapungua kwanza ndipo iongezeke. Gavana yenye pupa inaona kasi ya turbaini imeshuka, inafungua zaidi, inazidi kuharibu. Hapo hakuna hesabu itakayoharakisha maji. Tena mtiririko ukiwa mkubwa kikomo hicho kinazidi kubana, ndiyo maana gavana iliyotulia kwenye nusu mzigo inaweza kuyumba kwenye mzigo kamili. Wengi wameukwepa ugomvi huu: maji yanapita vilevile, umeme wa ziada unaenda kwenye hita.

Mleta mada: Sawa kwa anayetega mto unaopita tu, bila kuhifadhi maji. Mwenye kibwawa cha kukusanya maji usiku si anayamwaga bure?

Sakina: Huyo aweke gavana ya polepole na gurudumu zito kwenye shafti. Aseti PID, kisha aikague kwa kipimo cha hao hao wa H-infiniti: kilele cha usikivu (mara ngapi, kwa wingi wake, gavana inakuza usumbufu badala ya kuupunguza) kisizidi 2, mzigo ukiwa mdogo na ukiwa kamili. Ikifeli ndipo aje na hesabu nzito.

Pasua: Kukagua, niko nawe. Hesabu nzito bado nazikataa, mpaka nione fundi wa kijijini akizirekebisha bila kumpigia simu aliyeziandika.