Wanawake wa ofisini na kubana matumizi ya umeme: shida iko wapi?

Msimamizi_Njiro
Habari za jioni wakuu. Nasimamia jengo la ofisi za umma hapa Arusha, na nimepewa kazi ya kupunguza LUKU. Nikapitisha karatasi ya maoni: taa za korido zizimwe saa kumi jioni, majagi ya kuchemshia chai yapigwe marufuku, AC zibaki kama zilivyo. Wanaume karibu wote wameafiki. Akina mama wamekataa, wengine wameendeleza hadi nyuma ya karatasi. Ina maana wanawake hawajali umeme wa serikali kwa vile hawalipi wao? Maana nyumbani kwangu mama watoto ndiye anayepita akizima taa.

Dada_wa_Masjala
Kaka Msimamizi, umefuta jagi letu ukaacha AC yenu, halafu unashangaa? Haya, tupige hesabu. Jagi la wati 2000 likichemsha dakika sita limekula yuniti 0.2. AC ndogo ya ukutani inavuta kama kilowati moja. Hata kompresa ikipumzika nusu ya muda, kwa saa nane ni yuniti 4. Hayo ni majagi 20 ya chai! Na Julai hii, Meru haijaonekana tangu asubuhi kwa mawingu, tunapoza nini? Tunawapoza waliovaa suti na tai. Masjala kwetu tumejifunika mashuka ya kimasai magotini, rimoti iko kwa mkubwa chumba cha pili, kaiweka 18.

Taa za korido ndiyo kabisa. Wanaobaki kufungia majalada ni sisi. Choo cha wanawake kiko mwisho wa korido, nyuma ya ngazi, na balbu ya pale ilitolewa zamani kwa jina hilohilo la kubana matumizi. Unaingia na simu ya tochi mdomoni, mkono mmoja unashika sketi, wa pili unavuta mlango usio na komeo. (Choo cha wanaume kiko pembeni ya mapokezi, kinawaka kama ukumbi wa harusi.) Sasa mtu akiniuliza kama naafiki taa zizimwe, nijibu nini? Nyumbani kwangu Sakina nachomoa mpaka chaja.

Mwanachuo_Tengeru
Kuhusu baridi dada hazushi. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Kingma na van Marken Lichtenbelt, walionyesha kwamba kanuni ya joto la ofisi inayotumika tangu miaka ya 1960 ilipimwa kwa mwanaume wa miaka 40, kilo 70. Joto linalozalishwa na mwili wa mwanamke, kanuni hiyo inaweza kulikadiria kupita uhalisia kwa hadi asilimia 35. Kwa hiyo ukipandisha AC hadi 24 unaokoa umeme na mashuka yanarudi nyumbani.

Fundi_Kwa_Mrombo
Mkuu, usizime korido. Toa tyubulaiti za wati 36, weka LED za 18, halafu funga swichi za sensa, taa iwake mtu akipita. Anzia kule chooni.

Msimamizi_Njiro
Fundi, njoo PM tuongee bei. Ila bosi atauliza kwa nini hela ya kwanza iende choo cha wanawake.

Dada_wa_Masjala
Mpeleke akakione saa moja usiku. Simu yake aiache mezani.